Kibegi cha kiunoni siku ya mabembea na maji: kukifunga, kukihamisha na kukivua kwa wakati

Zikikaribia Idd, Krismasi au maonesho ya Sabasaba, maswali huwa yaleyale. Simu niiweke wapi nikipanda bembea? Kibegi kinashuka hadi mapajani, nifanyeje? Naruhusiwa kuteleza nacho kwenye maji? Nikivaa dera nakifunga juu au chini? Majibu yako hapa, kwa kufuata siku yenyewe ilivyo: kuanzia usiku wa kuamkia safari mpaka kibegi kinapoanikwa kwenye kamba. Yanafaa ukiwa Dar es Salaam: ukienda kwenye michezo ya maji ya Kunduchi Wet 'n' Wild, ukivuka kwenda Fun City ya Kigamboni, au ukijichanganya na umati wa viwanja vya Sabasaba barabara ya Kilwa mwezi Julai.

Shika jambo moja kwanza. Kibegi cha kiunoni hakikai mahali pamoja kutwa nzima. Kwenye daladala kina mahali pake, kwenye foleni kina pake, na kwenye maji hakina mahali kabisa. Wengi wanaoharibikiwa ni wale waliokifunga nyumbani asubuhi wakakisahau hapohapo.

VITU VYA KUWA NAVYO

Kibegi. Ujazo wa lita moja unatosha, lita mbili ndiyo mwisho. Simu yako iingie ikiwa imelala, zipu ifunge bila kubembelezwa, na ibaki nafasi ya ngumi ya mtoto. Mkanda uwe na upana wa sentimita 3 hivi; ule mwembamba kama kamba ya kiatu utakukata kiuno kabla ya saa sita mchana. Chagua chenye mfuko wa nyuma, ule unaogusa tumbo, kwa sababu ndiyo benki yako. Kama unaenda pwani, zipu ya meno ya plastiki ni bora kuliko ya chuma, chumvi haiihurumii chuma.

Vya mtumba pale soko la Karume mara nyingi vina kitambaa kigumu kuliko vipya vinavyotembezwa barabarani, ila kagua sehemu mbili kabla hujatoa hela. Ya kwanza ni kifungo cha plastiki, kile kinacholia "tak". Kifunge, shika mkanda pande zote mbili, vuta kwa nguvu mara tano. Kikiachia hata mara moja, rudisha. Angalia pia vile vidole viwili vya kifungo: vikiwa na mstari mweupe kwenye mkunjo, vimeshachoka na vitakatikia njiani. Ya pili ni mshono pale mkanda unapoungana na kibegi. Ukiona uzi mmoja tu umepita, mpelekee fundi viatu apitishe mwingine wa nailoni. Ni kazi ya dakika chache.

Kifuko cha simu cha kuzuia maji. Kile cha plastiki angavu chenye kibano juu na kamba. Zamani watu walifungia simu kwenye rambo. Mifuko ile ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hata ilipokuwepo haikuzuia maji, iliyachelewesha tu.

Vingine vidogo: leso ya pamba, raba bendi mbili, kufuli dogo, na kipande cha mshumaa (kazi yake utaiona mbele).

Vitu vya kubaki nyumbani: kadi za benki zote isipokuwa moja, cheni na pete, chupa ya manukato, na rundo la funguo. Toa ufunguo mmoja wa mlango, mwingine uache. Pawabenki ya mAh 10,000 ina gramu mia mbili na zaidi, sawa na kubeba simu ya pili. Kama betri yako inafika jioni, iache. Chupa ya maji ya nusu lita ni nusu kilo, kwa hiyo haina nafasi kiunoni hata kidogo. Ibebe mkononi au kwenye mfuko wa pamoja.

HATUA KWA HATUA

1. Jaribu kifuko cha simu usiku, bila simu.

Kunja tishu kavu, itie ndani pamoja na jiwe dogo au sarafu kadhaa ili kizame. Funga kibano, kizamishe kwenye ndoo ya maji, ukiache nusu saa. Kitoe, kikaushe kwa nje kwanza, ndipo ufungue. Tishu ikiwa kavu, kifuko kizima. Ikiwa na doa la maji hata la ukubwa wa punje ya mchele, kitupe au kitumie kwa kazi ya kuzuia vumbi tu. Rudia jaribio kila safari, maana kifuko kilichokunjwa kabatini miezi sita hupasuka kwenye mkunjo, na mpasuko wenyewe hauonekani kwa macho.

Usidanganywe na maandishi ya IP68, alama ya simu kuhimili maji, kwenye boksi la simu. Kipimo kile hufanywa kwa maji baridi safi na simu mpya. Hakikupimwa kwa chumvi ya Bahari ya Hindi wala klorini ya bwawa, na simu iliyowahi kufunguliwa na fundi usiihesabu tena.

2. Gawa pesa mafungu matatu.

Fungu la nauli na vitu vidogo: noti za 1,000 na 2,000 pamoja na sarafu. Hili linakaa mfuko wa mbele wa kibegi. Fungu la kiingilio na chakula linakaa mfuko wa nyuma. Fungu la akiba, linalotosha bajaji ya kurudi nyumbani, halikai kwenye kibegi kabisa: liweke kwenye kiatu, au mpe mwenzako. Ukipoteza kibegi, fungu hili la tatu ndilo litakalokutoa Mtongani, kule Kunduchi, hadi kwenu. Wanaotegemea pesa ya simu peke yake wasisahau kwamba simu nayo imo humohumo kwenye kibegi.

Kama unapita kivukoni, kadi yako ya N-Card ikae na fungu la nauli. Usifungue mfuko wa nyuma mbele ya watu kwa ajili ya nauli.

3. Pakia kwa mpangilio.

Vilivyo bapa na vya thamani vikae karibu na tumbo: noti kubwa, kitambulisho, kadi ya bima. Simu ikae katikati, kioo kikielekea tumboni, kisielekee nje kunakogongwa. Ufunguo usikae na simu, uzungushie leso. Mbele kabisa weka tishu, plasta mbili tatu na chenji. Mwenye pumu aweke pampu yake mahali mkono unapofika bila kutafuta, na mwenzake ajue ilipo.

Kisha pima. Kibegi chote kikizidi kilo moja, punguza. Huna mizani? Kifunge, ruka mara kumi ukumbini. Kikikupiga tumboni kama ngoma, kimejaa kupita kiasi.

4. Kifunge panapostahili.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanakifunga tumboni juu ya kitovu, kikibana wanalegeza, kikilegea kinashuka, wanakivuta, na mchezo unaendelea hivyo kutwa. Tafuta mifupa ya nyonga kwa vidole, ile miwili inayochomoza pembeni. Mkanda upite juu yake kidogo tu, ili mifupa iushikilie usishuke. Kaza ukiwa umetoa pumzi nusu, kisha ingiza vidole viwili kati ya mkanda na mwili. Vidole viwili viingie kwa kujibana. Mkono mzima ukiingia, umelegea. Kimoja kikikwama, utajuta ukishakula ubwabwa wa mchana.

Kipande cha mkanda kinachobaki usikiache kining'inie. Kikunje kama unavyokunja futi ya fundi cherehani, kisha kifunge kwa raba bendi. Mkia wa mkanda ndio unaonasa kwenye viti, kwenye milango ya daladala, na mikononi mwa kibaka.

Aliyevaa dera au baibui asikifunge ndani. Kukifikia itabidi ainue nguo mbele za watu, na mwishowe atashika simu mkononi, ndiyo anayokuja kupokonywa. Afunge juu ya nguo, au arefushe mkanda akipitishe begani, kibegi kikae kifuani chini ya mtandio. Mama mwenye mtoto mgongoni afunge mbeleko kwanza, kibegi baadaye, ili aweze kukivua bila kumgusa mtoto.

5. Njiani: mbele, na mkono juu yake.

Kwenye daladala za Tegeta na Bunju, kwenye mwendokasi na kwenye pantoni, kibegi kinakaa mbele ya tumbo. Hakikai ubavuni, wala mgongoni. Kichwa cha zipu kielekee upande wa mkono unaoutumia zaidi, halafu kiganja kilale juu yake. Konda akipaza sauti "sogeeni nyuma, sogeeni nyuma!", msongamano ule wa sekunde kumi ndio saa ya kazi kwa wachomoaji. Pantoni nayo ikifunga gatini, watu hutoka kwa kusukumana. Subiri wimbi la kwanza lipite, dakika mbili hazikukoseshi kitu.

Kama unasimama, pitisha mkanda begani na kibegi ukibane chini ya kwapa, kwa mbele. Mkanda wa kiunoni ulio nyuma yako unaweza kukatwa kwa wembe usisikie. Mkanda ulio chini ya shati haukatwi kirahisi.

Kwenye bodaboda kigeuzie ubavuni, kisikae kati yako na mgongo wa dereva. Akishika breki ghafla, simu ndiyo itakayobanwa.

6. Getini, uliza mambo matatu.

Kuna makabati ya kufungia vitu, na kufuli ni lenu au langu? Kwenye maji mnaruhusu kifuko cha simu cha shingoni? Mwisho wa kuchukua vitu ni saa ngapi? Uliza kabla ya kulipa. Masharti hutofautiana kutoka sehemu moja hadi nyingine, tena hubadilika sikukuu. Ukipewa kabati, piga picha namba yake.

7. Kwenye mabembea: kivue.

Mhudumu akikuambia "kaka, toa kibegi", hakuonei. Ile chuma inayoshushwa mapajani, au mkanda wa kiti, imetengenezwa ikae juu ya mapaja na nyonga zako. Kibegi kikiwa hapo, chuma inakikandamiza kibegi badala ya kukushika wewe. Mtambo ukianza kuzunguka, kibegi kinabonyea au kinahama, na pengo la sentimita tano linabaki kati yako na chuma. Pengo hilo ndilo mwili unapopitia. Kukigeuzia mgongoni hakusaidii, kwa sababu kinakusukuma mbele ya kiti na uti wa mgongo unabaki hewani.

Njia nzuri ni zamu. Mmoja abaki chini na vibegi vya wote, wengine wapande, kisha wabadilishane. Anayebaki asivivae vyote kiunoni kama mchuuzi wa Kariakoo. Avipitishe mkanda mmoja ndani ya mwingine, avipakate. Kama umekuja peke yako, uliza mhudumu vitu vinawekwa wapi, na kama hakuna mahali pa kuaminika, mtambo huo uuache.

Si kila chombo kina ukali huo. Gurudumu kubwa linalopanda polepole na treni ya watoto havina shida, kibegi kibaki mbele na zipu imefungwa. Magari ya kugongana yanataka uangalifu: mkanda wa gari ulale kwenye nyonga, kibegi kiwe kimetolewa au kimegeuziwa ubavuni, na kisiwe na kitu kigumu ndani. Kugongwa ukiwa na pawabenki kati ya mkanda na tumbo ni maumivu ya kujitakia. Bembea za viti vya minyororo ndizo zinazomwaga vitu, na sarafu ikidondoka kutoka juu inamwangukia mtu.

Mtoto usimning'inizie kibegi wala kifuko cha simu shingoni akiwa anapanda vitu. Kamba ya shingo ikinasa, hapati nafasi ya kupiga kelele. Namba yako ya simu iandike kwenye karatasi, itie mfukoni mwake, basi.

8. Kwenye maji: kabatini.

Usiteleze na kibegi. Zipu na vifungo vinakwangua sakafu ya mtelezo, na mikwaruzo ile inamchana anayekuja nyuma. Mkanda nao ukinasa kwenye maungio utakusimamisha katikati ya bomba, na huku mtu mwingine ameshaachiwa kutoka juu.

Kwa hiyo: kibegi kabatini, kufuli, ufunguo wa kufuli umefungwa kwa pini ndani ya nguo ya kuogelea. Ufunguo wa gari wenye rimoti usiingie nao majini hata dakika moja.

Ukitaka picha kwenye bwawa la kina kifupi, tumia kifuko ulichokijaribu jana. Acha hewa kidogo ndani kabla ya kufunga, kitaelea kikikuponyoka. Chini ya maji kioo hakisikii vidole, kwa hiyo fungua kamera kabla ya kuzama na upige kwa kitufe cha sauti. Ukishatoka, futa kifuko kwa leso kavu, futa mikono, ndipo ufungue. Simu nyingi huloa wakati huo wa kufungua, kwa tone moja lililokuwa limejificha kwenye kibano.

9. Mchana, kipumzishe kiuno.

Desemba hadi Machi joto la Dar halina mzaha, na chini ya kibegi jasho halina pa kutokea. Ukikaa kula, kilegeze na upachike leso kavu kati ya mkanda na ngozi. Usikivue ukakiweka mezani au ukakitundika kwenye kiti. Kama ni lazima ukivue, pitisha mkanda kwenye mguu wako, ufunge kifungo. Chooni usikitundike kwenye kitasa; kipitishe shingoni kwa dakika hizo mbili, halafu kirudishe.

10. Nyumbani, kioshe usiku huohuo.

Toa kila kitu, pindua mifuko nje, kung'uta mchanga. Loweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika kumi, sugua mkanda kwa sabuni ya kipande, suuza. Zipu ifungue na kuifunga ukiwa unaimwagia maji. Anika kivulini, jua kali linaupausha na kuudhoofisha mkanda wa nailoni. Kikikauka, sugua meno ya zipu kwa mshumaa.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Mkanda unalegea wenyewe kila baada ya dakika chache. Kile kibanio cha kurekebishia kimelainika. Rudisha ncha ya mkanda ipite mara ya pili kwenye tundu lilelile, au piga fundo dogo nyuma ya kibanio ukishapata kipimo chako.

Zipu inafunga lakini meno yanaachia nyuma. Kichwa cha zipu kimepanuka. Kibane kwa koleo pande zote mbili, kidogokidogo, ukijaribu kila mara. Ukikibana kwa pupa kitavunjika.

Zipu imekwama kwa mchanga. Usivute. Mwagia maji safi, piga kwa mswaki wa zamani, paka sabuni kavu.

Kifungo kimekatika mkiwa huko. Funga mkanda kwa fundo pande mbili na uvae begani badala ya kiunoni. Kesho yake fundi mabegi atakibadilisha; mpelekee kibegi chenyewe, maana vifungo vina upana tofauti.

Upele au mchubuko kwenye nyonga. Osha kwa maji safi, kausha, vaa kibegi begani siku iliyobaki. Losheni nzito chini ya mkanda inazidisha.

Noti zimelowa. Usizitenganishe kwa nguvu zikiwa zimeshikana. Zilaze juu ya leso kivulini, zitaachana zikianza kukauka.

Simu imeingia maji. Izime mara moja, usiichaji, usiipulizie kwa mdomo wala kwa mashine ya nywele. Toa laini. Isimamishe tundu la chaji likielekea chini mahali penye upepo. Mchele hauna dawa humo, vumbi lake huingia kwenye tundu na kuongeza kazi. Kama ni maji ya bahari, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, chumvi haingoji kesho.

Kibegi kimepotea au kimeibwa. Anza na laini, kabla ya kuanza kulaumiana. Azima simu, piga 100 ukitumia mtandao uleule wa laini yako, omba waifunge pamoja na akaunti ya pesa. Kisha toa taarifa kwa walinzi wa eneo, halafu polisi, ukiwa na IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe. Namba hiyo inapatikana kwa kubonyeza *#06#, na inatakiwa iwe imeandikwa kwenye karatasi nyumbani tangu usiku ule wa ndoo na tishu.